Chupa ya Nyumbani

Nilipaswa kukataa siku Mkurugenzi aliponiamuru nichemshe chupa zote za nzi. Utitiri, wadudu wadogo wanaonyonya nzi, ulikuwa umeingia maabara, na wageni kutoka Kinshasa walikuwa njiani.

Kazi ya kufuga nzi wa utafiti niliianza hapa Bukavu, miaka ya Zaïre, nikitoka sekondari. Siku ya kwanza Espérance, aliyenitangulia kazini, alinifundisha kuponda ndizi mbivu za kuwalisha nzi, kisha kuwalaza kwa etha tuwatazame kwa darubini.

"Usipige chafya, tonton," alinicheka, akiniita mjomba kwa utani. "Utatawanya familia nzima."

Alikuwa amekuza ukoo wa ajabu. Nzi dume wa kawaida ana kitana cha vinyweleo kwenye miguu ya mbele tu. Wake walikuwa nacho hata miguu ya nyuma. Sababu niliipata miaka mingi baadaye kwa profesa mmoja. Kila chembe ya mwili ina jeni zilezile, zimepangwa kwenye kromosomu. Makundi ya protini zilizoshikana hukaa juu yake na kufunga jeni zisizotakiwa mahali pale, tangu funza mpaka nzi mzima. Protini moja ikipungua, jeni hufunguka pasipo mahali pake, na mguu wa nyuma hukua kama wa mbele.

Umeme ulikatika mara kwa mara na baridi ingeweza kuua nzi, kwa hiyo kila ukoo ulikuwa na chupa ya pili nyumbani kwa mfanyakazi. Ya Espérance ilikaa kwangu mtaani Kadutu, karibu na jiko, nayo haikuwa na utitiri. Tulikuwa wachumba, ng'ombe wa mahari walikwisha kufika kwao Walungu, na siku ya amri ile huko ndiko alikokuwa amekwenda kwa matanga ya nyanya yake.

"Zote, citoyen," Mkurugenzi alirudia; "raia", ndivyo tulivyoitana enzi zile. "Hata ile iko kwako. Ao hautaki kuwa chef?"

Nilitaka kuwa mkuu wa maabara. Nikaileta mwenyewe, nikaitia katika maji ya moto.

Aliporudi, Espérance alisimama mbele ya rafu tupu. "Hata ya nyumbani, Déo?"

"Alisema zote."

"Ungemuletea nzi wa ndizi za jikoni. Yeye anajua kuangalia miguu?" Akavua koti la kazi. "Mutu anapeleka chupa ya nyumbani, kesho atanipeleka na miye."

Nilikuwa chef mpaka pensheni. Ukoo ule sikuuona tena. Baba yake alirudisha ng'ombe. Espérance akaolewa huko Sange. Mimi sikuoa.