Mchinjaji Wetu Aliyelala Burma

Habari ya kifo ninayowaletea leo, wasomaji wangu, ni ya zamani, na hata ilipotufikia ilikuwa imechelewa. Tulikuwa katika miaka ya Hali ya Hatari barua ya serikali ilipofika mjini kwetu Runyenjes, ikisema kwamba kaburi la mchinjaji wetu, aliyekwenda vita vikuu na asirudi, sasa limejulikana na liko Burma. Mnajua sipendi kulia gazetini, na marehemu mwenyewe angenicheka. Alikuwa mwembamba wa mwili, mnene wa kicheko, na kabla ya jeshi alikuwa na bucha karibu na soko. Kwetu Waislamu ni wachache, wakulima Wakristo ndio wengi, kwa hiyo kila penye sherehe huko mlimani yeye ndiye aliyeitwa kushika kisu, ili nyama iliwe na wote. Sidhani kama kuna Mwislamu mwingine aliyehudhuria harusi nyingi za kanisa kumshinda.

Zamu yake ya kuoa ilipofika, mkulima mmoja wa Kiritiri alitembea tangu alfajiri kumletea zawadi. Kwa wema wake alikuwa amekwisha kumchinja mbuzi mwenyewe, akamchuna na kumfunga ndani ya gunia safi. "Mimi nilionea wewe huruma," akasema kwa fahari. "Kila siku unachinjia watu. Leo pumzika." Nyama ile wenyeji wasingeweza kuila, na mgeni alipoona nyuso zao akaanza kutambua kosa lake. Bwana harusi akamkumbatia, akaazima sufuria kwa jirani Mkristo, akaamuru moto mwingine uwashwe pembeni. Kisha akaketi papo hapo na mkulima yule na wageni Wakristo, wao wakila nyama, yeye akitafuna mkate mkavu na kusema, "Mbuzi huyu amenona, ndugu zangu, harufu peke yake inashibisha." Bibi harusi alimsubiri sana siku ile.

Basi mtu wa namna hiyo hakuwa amesomewa hitima. Miaka yote ile mama yake alikataa, akisema hawezi kumwombea kama marehemu mtu ambaye huenda yuko njiani anakuja. Barua ilipofika alikubali, lakini alitaka waje wote, wa mjini na wa mlimani. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Watu wa mlimani walikuwa wamekusanywa katika vijiji vyenye uzio, na kukutana bila kibali kulikuwa njia fupi ya kwenda kizuizini. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno; serikali ya siku zile iliamini kinyume chake.

Mama yake alinichukua kwenda naye ofisini, kwa kuwa nilikuwa karani na alidhani makarani tunaogopwa. Mwenye kuogopa nilikuwa mimi, sifichi. Afisa wa Kizungu alisoma barua, akauliza kwa Kiswahili chake cha amri, "Mazishi? Maiti iko wapi?"

"Burma, bwana."

"Vita ilikwisha zamani. Hapana maiti, hapana mazishi."

Nikamvuta mama tuondoke tukiwa bado tuna vipande vyetu vya utambulisho. Hakusogea. "Bwana," akasema, "huko wamezika askari wao. Mimi mwanangu sijamzika."

Yule bwana akaweka kalamu chini, akaichukua tena. "Watu ngapi?"

"Andika wote waliomjua."

Akaandika kumi na wawili.

Siku ya hitima, homugadi mmoja, askari mgambo wa serikali, aliwekwa langoni kuhakikisha hesabu hiyo haizidi. Alihesabu vizuri sana, kwa sauti, mpaka kumi na mbili. Halafu akaanza tena moja. Nilimsikia akifika kumi na mbili mara saba, kisha akaiegemeza bunduki ukutani akaingia yeye mwenyewe. Katika siku ambazo mtu alimwogopa jirani yake kuliko fisi, waliketi mkeka mmoja homugadi na baba ambaye mwanawe, kila mtu alijua, alikuwa msituni akipigana na serikali hiyo hiyo. Hakuna aliyeuliza kitu. Dua ilipokwisha wakaanza kusimuliana vituko vya marehemu, na kicheko kikawa kikubwa hata shehe akashindwa kujizuia.

Walipoanza kutawanyika, mama alisimama langoni akimpa mkono kila mmoja. Nilipofika kwake nikamwona akitabasamu huku machozi yakimtoka. "Umeona, mwanangu?" akaniambia. "Sasa nimemzika."

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba kwenye msiba anahitajika mtu mwenye maneno mazuri, na kwa kuwa yangu huishia kwenye karatasi, mara nyingi nilibaki nyumbani. Siku ile niliacha ujinga huo. Jirani yako akifiwa, hata kama kaburi liko ng'ambo ya bahari, usikae ukitafuta la kumwambia. Nenda ukae naye. Maneno yasipokuja, angalau mwenye msiba atakuwa amekuona.