Flash ya kamera yangu ilikuwa inamfuta chale mama mkwe

Wakuu, amani kwenu.

Nawaletea yaliyonikuta Chanika. Atakayeona hii ni chai, yaani nimetunga, aniache kwanza nimalize, halafu ndio aweke sukari.

Mie nakaa Kimara. Kupiga picha sio kazi yangu, ni mapenzi tu. Nina kamera ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi, yenye kale kaflash kake kanakochomoza juu ukibonyeza kitufe. Flash ya pembeni sina. Taa za studio huwa naziona madukani Kariakoo, tunasalimiana, napita.

Mama mkwe wangu ni Mmakonde wa Newala, yuko Chanika miaka mingi sasa. Na wajukuu ni mtu wa utani sana, ila kwangu ni heshima tupu. Mkwe ni mkwe. Mie nikiingia, yeye anaweka sawa mtandio. Yeye akiingia, mie nakaa wima kama niko kwenye interview.

Sasa mke wangu, Zainabu, ana jambo lilikuwa linamuuma. Mama yake hana picha.

Yaani zipo. Za harusi, za Idi. Lakini kila akipelekewa anaitazama, anairudisha. "Huyu sio mie." Basi, mjadala umefungwa. Watoto wake wakaamua ni aibu za uzee.

Jumapili moja tumeenda kumsalimia, mvua inanyesha toka asubuhi, sebuleni giza. Zai akamwambia, "Mama, leo mkweo atakupiga picha nzuri."

Hakuniuliza kama naweza. Wenye wake mnanielewa.

Mama akakubali shingo upande. Akavaa khanga mpya, akajipaka mafuta usoni, akakaa kwenye kochi lililogusana na ukuta. Nikamlenga, flash ikachomoza. Pwaa!

Wakuu, kwenye skrini paji la uso linawaka kama sufuria jipya. Macho mekundu. Ukutani nyuma yake kivuli cheusi tii, utadhani kuna mtu kajificha. Uso wenyewe umekuwa bapa kama sahani.

Mama akaomba aone. Akatazama.

"Mkwe, huyu sio mie." Akaanza kuinuka aende zake jikoni.

Ujasiri sijui niliutoa wapi. Nikamwambia, "Samahani mama. Kitu gani hapo sio wewe? Niambie nirekebishe."

Zai kanitolea macho. Mama akarudi kukaa taratibu, akapitisha kidole shavuni.

"Chale zangu ziko wapi?"

Hapo niwaeleze. Mama ana chale za Kimakonde, mistari mashavuni na kwenye paji la uso. Ukikaa naye unaziona vizuri kabisa. Nikaangalia skrini tena. Hakuna hata mstari mmoja!

"Nilichanjwa nikiwa msichana," akasema. "Wenzangu walilia, mie sikulia. Bibi yangu akanisifu mbele za watu. Sasa nyie kila mkinipiga mnanifuta. Mnanipa uso wa mtu asiyepitia kitu."

Zai akashika mdomo. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, sie tulikuwa tunacheka tu kwamba mama hapendi picha.

Nikajisemea, leo siondoki hapa bila chale.

Nikawaza hivi. Chale ni vituta vidogo vya ngozi. Kituta hakionekani bila kivuli. Na kaflash ka kamera kanapiga mbele moja kwa moja, kutoka pale pale lenzi ilipo, kwa hiyo kivuli chote kinaangukia nyuma ya mtu. Ukutani kinajaa, usoni hakibaki.

Nikamuomba mama ahamie kwenye kiti katikati ya sebule. Zai akamfuta mafuta kwa leso. Nikapunguza nguvu ya flash kwenye setingi. Kivuli cha ukutani kikapotea, kung'aa kukapungua. Chale bado.

Nikafunika flash kwa tishu ili mwanga ulainike. Tatizo tishu ya pale ilikuwa ya pinki. Mama katoka pinki kama keki ya bethdei! Mdogo wake Zai, Tatu, alicheka mpaka akakaa chini. Nikamuona na mama anabana midomo.

Nikachukua kadi ya mchango wa harusi, upande mweupe, nikaishika mbele ya flash kwa kuilaza, ili mwanga urushwe juu kwenye dari, urudi chini taratibu.

Dari lipi sasa? Nyumba bado haijapigwa dari. Mwanga ukapotelea kwenye mabati.

Ndio nikamwambia Zai alete shuka jeupe. Yeye na Tatu wakapanda kwenye viti, wakalitandaza juu ya kichwa cha mama, limeinama kidogo upande wa dirishani. Kadi nikaishika vile vile mbele ya flash, nikapandisha ISO, ile setingi ya kamera kunasa mwanga zaidi, maana mwanga ukizunguka unachoka njiani.

Mama akaangalia juu. "Jamani, hili shuka mbona kama la makaburini? Mie bado nipo!"

Tatu akataka kudondoka na kiti. Mama mwenyewe akacheka, ile ya kutoka tumboni. Nikabonyeza hapo hapo.

Nikampa kamera.

Akatazama muda mrefu. Mwanga ulikuwa umemshukia kutoka juu pembeni, na kila mstari una kakivuli kake, mashavuni mpaka kwenye paji. Akaigusa skrini kwa kidole, akaufuata mstari mmoja mpaka mwisho.

"Eeh," akasema. "Huyu ndiye."

Zai akashuka kwenye kiti akaenda jikoni, akakaa huko kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na safari hii flash haikuhusika.

Nilichojifunza wakuu: msiitukane flash ndogo, itafutieni kitu cheupe cha kugonga kabla haijafika usoni. Na mtu akikwambia picha sio yeye, usikimbilie setingi. Muulize kwanza yeye anajijua vipi.

Sasa jana mama kanipigia simu mwenyewe. Hajawahi, huwa anapitia kwa binti yake.

"Mkwe, dada yangu kaja kutoka Newala. Njoo na kamera. Yeye anazo mpaka tumboni, lakini wewe utampiga za usoni tu."

Kesho asubuhi naelekea Chanika. Mwenye ujanja wa kupiga wazee wawili kwa shuka moja aseme sasa hivi.