Sauti Ishirini Zisizo na Jina

Mimi nilikaa darasani miaka mitatu tu, kwa mapadri, na mmoja kati ya hiyo mitatu niliulima shambani mwao. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Lakini kinanda changu cha umeme nilikinunua kwa jasho langu, kwa kutengeneza redio za watu huku Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini, na nilikijua kuliko wale waliokiunda. Wao walikitia sauti thelathini na mbili. Mimi nilifuta ishirini, nikaweka zangu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unachukua sauti tupu, nyembamba kama mluzi, halafu unabonyeza vitufe, unapandisha namba hii, unashusha ile, mpaka ule mluzi unakuwa kitu. Ile sauti tupu mashine inaiita kwa neno lake la kigeni, linatokea kwenye kioo kidogo. Ukimaliza kazi unaweza kulifuta na kuandika jina lako, herufi kumi. Mimi sikufuta. Ya nini? Kitufe cha tatu kilikuwa likembe, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Cha tisa kilikuwa mvua juu ya bati. Nilizijua zote kwa kidole. Nani anaandika majina ya watoto wake kwenye paji la uso ili asiwapoteze?

Kitufe cha thelathini na moja kilikuwa lokole, lile gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili, nene na nyembamba, ambalo sisi watu wa mtoni tunaitana nalo. Tonton wangu, kaka ya mama, alilipiga maisha yake yote kule Barumbu. Alipougua akalazwa miezi mingi, na mchwa wakala lokole yake nyumbani ikabaki ganda. Akaja kukaa kwangu, mikono inatetemeka, hawezi tena kushika fimbo. Nikamwambia nitaitengeneza ndani ya kinanda. Akaniuliza kama nimeanza kunywa asubuhi.

Kila Jumapili baada ya misa alikaa mbele ya spika. Napiga, anatikisa kichwa. "Hiyo iko sufuria." Nashusha namba. "Sasa iko muti ya laini, haijakauka." Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Siku alipoacha kutikisa kichwa, nikageuza spika kuelekea mtoni, nikapiga jina la lokole la jirani yetu mvuvi, maana kila mtu wa mtoni ana lake; pirogi yake, mtumbwi wa gogo, ilikuwa mbali kidogo na ukingo. Yule bwana akaacha kasia, akageuka. Akaja mpaka mlangoni, maji yanamchuruzika miguuni.

"Nani ameniita?"

Tonton alicheka mpaka akakohoa. Siku hiyo alikula sahani mbili.

Basi mwaka mmoja baadaye kioo cha kinanda kikaanza kuonya kwamba pile, yaani betri yake, inakufa. Ndani ya mashine ile kuna pile ndogo iliyochomelewa, ndiyo inayoshikilia kumbukumbu. Ukiitoa, sauti zote ulizotengeneza zinazimika. Hilo nalijua, ni kazi yangu. Na wakati huo mji mzima ulikuwa ukimzungumzia asistenti mmoja wa chuo kikuu aliyerudi kutoka masomoni Ulaya na kompyuta. Walisema unaunganisha kinanda kwa waya, sauti zinahamia kwenye kompyuta, zinalala kwenye disketi, na ukishabadilisha pile anakurudishia zote. Nikafunga kinanda kwa karatasi ya nailoni, nikavuka mto nimekipakata magotini.

Nilimkuta ndani ya chumba chenye baridi ya mashine, amevaa abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Akaniangalia miguuni.

"Citoyen, weka hapa mezani. Bon, viatu viko na matope. Utangoja kwenye koridoa."

"Sauti ziko thelathini na mbili," nikamwambia. "Usiache hata moja."

"Papa, kompyuta haisahau."

"Na wewe?"

Akacheka, akafunga mlango.

Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Kilichonishtua, ingawa nilijinyamazisha, ni kwamba sikusikia noti hata moja. Mtu anahamisha sauti thelathini na mbili na chumba kimya kama sakristia. Nikasema labda ndivyo watu waliosoma wanavyofanya kazi.

Aliponirudishia kinanda nikarudi nyumbani, nikachomoa pile ya zamani kwa chuma cha moto, nikachomelea mpya. Kinanda kikawa kama mtoto aliyezaliwa leo, hakijui kitu. Nikavuka tena. Koridoa tena, benchi lile lile. Akanirudishia kinanda, akasema, "Voilà, papa, kimejaa."

Tonton alikuwa amekwisha kaa mbele ya spika. Nikabonyeza thelathini na moja, nikapiga. Ikatoka violini.

"Hiyo iko nini?"

"Violini, tonton."

"Mimi nimeuliza lokole."

Nikabonyeza tatu. Kengele za kanisa. Nikabonyeza tisa, wakatoka watu wa kwaya wanasema aaa. Tonton akaondoa kiti chake mbele ya spika, akakipeleka kwenye kivuli cha nyumba, akakaa amenipa mgongo.

Kesho yake nikavuka, na safari hii niliingia na matope yangu.

"Ah, papa. Umeona zawadi yangu?"

"Zawadi gani?"

"Nafasi ishirini zilikuwa tupu, donc nikakujazia. Sauti nzuri, nimetoka nazo Ulaya."

"Nani alikuambia ziko tupu?"

Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta orodha ya siku ya kwanza, majina tu. Lile neno la kigeni la sauti tupu, mara ishirini. "Hilo iko jina la sauti ambayo haijafanyiwa kazi, papa. Kila mutu anajua."

"Ulibonyeza hata moja ukasikiliza?"

Akarudi kutazama orodha.

"Nakuuliza. Uko na vidole kumi na masikio mawili, na kinanda kilikuwa mezani kwako. Ulipiga?"

"Orodha ilionyesha kwamba..."

"Sikukuletea orodha. Na zile za kwanza ziko wapi?"

Alikuwa amehifadhi mpya juu ya zile za zamani, zikafutika, kwenye disketi ile ile, ili asipoteze nafasi. Alilisema hilo polepole, nadhani hapo ndipo lilipomwingia. Halafu akaongeza kwamba kama ningaliandika majina tangu mwanzo, haya yasingalitokea. Watu wengine pia wameniambia hivyo, hata watoto wangu. Sikubali mpaka leo. Fundi akiletewa redio, anaiwasha kwanza. Mimi sijawahi kufungua redio ya mtu bila kuiwasha, na hakuna aliyenipeleka Ulaya kunifundisha hilo.

"Jumapili utavuka," nikamwambia. "Utakuja kumwambia mzee mwenyewe."

Alikuja, nalisema kwa haki yake. Alikuja bila abakosti, ameshika pirogi pande zote mbili. Alivuka Jumapili tatu, tukaitafuta lokole upya. Mimi nilipandisha na kushusha namba, yeye akaandika kila kitu kwenye karatasi, na tonton akasikiliza.

"Mutoto ya masomo," tonton alimuuliza, "hii iko lokole, ama mutu anabisha hodi?"

"Hodi, papa," akajibu kichwa chini. Jumapili ya tatu alikuwa ameanza kusikia tofauti mwenyewe, kabla ya mzee kusema.

Siku hiyo tonton aliniambia nirudie mara tatu. Kisha akasema, "Iko lokole ya muzuri. Lakini haiko yangu."

Nikageuza spika kuelekea mtoni. Jirani yetu alikuwa ndani ya pirogi, karibu kuliko siku ile. Nikapiga jina lake. Aliendelea na kasia. Nikapiga tena, nikaongeza sauti mpaka mabati yakatetemeka. Hakugeuka. Alipopanda ukingoni nikamfuata, nikamuuliza kama hakusikia.

"Nilisikia," akasema. "Nilizani uko unatengeneza redio ya mutu."

Tonton alikufa kabla ya masika kwisha, na pale matangani tulipiga lokole ya kuazima. Asistenti aliniletea disketi ya ile lokole ya pili kwa mkono wake mwenyewe, jina limeandikwa juu, LOKOLE, herufi nzuri zilizonyooka. Ninayo bado sandukuni. Kompyuta ya kuisoma sina, na sitavuka mto kumwomba mtu.