Buti Lisilo na Soli

Mume wangu alikuwa mshika geti wa reli, pale njia ya gari moshi inapokata barabara ya vumbi upande wa Soga. Kazi yake ilikuwa kushusha mti wa kuzuia barabara kabla treni haijafika, ili malori ya mihogo na wapita njia wasisagwe. Treni za mizigo zilikuja zinavyotaka, kwa hiyo kazi ile ilikuwa ya masikio. Na masikio yake, maskini, yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Nilijua siku nilipomwita mpaka majirani wakatoka, yeye yuko palepale ananoa jembe, mgongo kanipa.

Wakubwa wa reli wangejua, kazi hana, na nyumba yenyewe ilikuwa ya reli. Tungerudi Kurui kwa wazazi wangu na watoto wote. Mimi, niliyeolewa kwa vigelegele, nirudi nimejitwika godoro? Thubutu!

Basi tukaanza kumtafutia sikio jingine. Kwanza nikafunga kopo la kokoto kwenye reli. Treni ilipokaribia, kopo likalia vizuri mno, nikashangilia uani. Mume wangu akanitazama tu. Lo! Aliyelisikia kopo ni mimi, na mimi nina shamba, nina kisima, nina watoto. Tukaweka sufuria ya maji juu ya taruma, lile gogo linalolaliwa na reli, ayaone yakitikisika; mbuzi wa jirani akayanywa. Tukafuga kanga, maana kanga ni wepesi wa kushtuka. Walishtuka kweli, ila walishtuka hata kwa mwewe, hata kwa upepo, na geti likawa linashushwa bila treni yoyote. Madereva walitutukana matusi ambayo siwezi kuyarudia.

Mwishowe aligundua mwenyewe. Alivua viatu, akakanyaga reli kwa wayo mtupu, akatulia. Halafu akacheka peke yake. "Inakuja, mama watoto," akasema, nami mwenye masikio mazima sikuwa nimesikia kitu. Filimbi ikalia baadaye, kule konani. Nilimkumbatia mchana kweupe, watu wanaona.

Tukastarehe, mpaka ilipokuja habari kwamba bwana mkaguzi atapita, na kila mshika geti avae buti jipya la kazi. Soli yake ilikuwa nene kama ubao wa mlango. Alipokanyaga reli nalo, hakuhisi chochote. Nilipandwa na hasira, jamani! Nikachukua kisu cha kumenyea mihogo, nikalipindua buti la kulia, nikaikata soli yote, nikabakisha ngozi ya juu na kamba zake. Ukimtazama amesimama, afisa mzima.

Mkaguzi alikuja kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, wakakiondoa relini ili wasubiri treni. Alifuatana na mnyapara wa mafundi wa njia, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo. Huyo hakuwahi kutoka kwangu bila kubeba kitu. Ndiyo haki ya mtani, na kukasirika hakuruhusiwi. Mume wangu alisimama, mguu mmoja juu ya reli kama anayepumzika. Mara akaenda kushusha geti. Mkaguzi akageuza kichwa huku na huku, hasikii kitu, hadi filimbi ikalia.

"Huyu ana masikio kuliko wote," akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

Nikashusha pumzi, kisha nikatazama chini. Kwenye mchanga, kutoka relini hadi getini, kulikuwa na alama ya buti, alama ya vidole vitano, buti, vidole vitano.

Mnyapara alikuwa ameziona kabla yangu. Nikasema moyoni, leo tumekwisha. Yeye akaanza kucheza ngoma ya kwao, anaburuta miguu juu ya zile alama, akipaza sauti kwamba sisi Wazaramo tunajua kula ubwabwa tu, kucheza hatujui. Mkaguzi akacheka. Mchanga ukabaki umevurugika wote.

Walipokuwa wanarudisha kiberenge relini, mnyapara akakimbilia uani kwangu, akamkamata jogoo wangu mkubwa. Nikamfukuza kwa mwiko, kama desturi inavyotaka. Akasimama, akaninong'oneza:

"Mtani, huyu wa nini hapa? Akiwika, mwenye nyumba anamsikia?"

Nikashusha mwiko. Nikaenda bandani, nikamletea na tetea.