Aliyeomba Nimfute

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, ndio nikuambie vizuri. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Karatina, mchana, na sikuwa nimeonja pombe.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimeandika programu ya kuweka kadi za wagonjwa. Niliigawa bure kwa diski, na maandishi yake yote ndani, ili anayejua arekebishe. Zahanati ndogo ndogo zilikuwa zimepewa kompyuta kuukuu za msaada, basi ikaenea mpaka Murang'a. Na watu unawajua: kitu cha bure wanakilalamikia kuliko cha kununua. Huyu anapiga simu, yule anapanda ngazi mpaka ofisini kwangu kunigombeza. Wakasema makarani wanaandika mgonjwa mmoja mara mbili. Nikarekebisha: ikiona jina moja na kijiji kimoja, inabakisha kadi ya kwanza, ya pili inafuta. Nilijivunia hiyo, niamini.

Siku moja ya soko, mvua ikinyesha tangu asubuhi, niligeuka nikaona mama mzee amesimama karibu na meza yangu. Ngazi zetu zilikuwa za mbao, hata paka akipanda unasikia. Yeye sikumsikia.

"Wewe ndio fundi wa programu ya zahanati?" akauliza. "Iko na makosa."

"Kaa kwanza, cucu," nikamwambia, maana kwetu nyanya yeyote ni cucu. Hakukaa. Akasema anaitwa Wanjiru Kamau, wa upande wa Kangema, na mjukuu wake ni Wanjiru Kamau pia.

"Alipewa jina yangu. Sasa mashine yako imemmeza, imeacha mimi."

Nilikuwa nimechoka na malalamiko. Nikamjibu vile mafundi wote hujibu: hapa kwangu inafanya kazi vizuri, lete barua ya zahanati, nitaangalia wiki ijayo.

"Anadungwa leo," akasema. "Mimi pensilini hainisumbui. Yeye itamuua. Nitoe mimi. Mimi si nilishaenda?"

Nilidhani amehama. Ili tu aniache, nikaandika Wanjiru Kamau mara mbili, kijiji kimoja, ya pili nikaiwekea onyo la pensilini. Nikabonyeza. Kadi ya pili ikapotea, na onyo lake. Mimi Mkikuyu, ninayeitwa jina la babu yangu, nimeandikaje mashine inayodhani nyanya na mjukuu ni mtu mmoja?

Nikashuka mbio mpaka duka la chini lililokuwa na simu. Laini ilikuwa inatumika. Nikajaribu tena, na tena. Mwishowe muuguzi wa zahanati ya Kangema akashika.

"Hapo kuna mtoto anaitwa Wanjiru Kamau?"

"Yuko. Ameletwa na jirani. Niko na sindano mkononi."

"Pensilini?"

"Ndio. Kompyuta inasema ni sawa."

"Weka chini, dada. Hiyo kadi ni ya nyanya yake. Ya mtoto ilifutwa. Hiyo dawa itamuua."

Nikasikia kitu kikiwekwa kwenye sahani ya chuma. "Nani amekuambia?"

"Nyanya yake. Yuko hapa kwangu juu."

"Huyo mzee tulimzika kabla ya Krismasi," akasema polepole.

Nilirudi juu nikiogopa. Hakukuwa na mtu. Siku ya soko kila kiatu kinaleta matope, lakini pale aliposimama sakafu ilikuwa kavu.

Kesho yake nilienda zahanati ya Kangema kumtoa mzee kwenye kompyuta, kama alivyoomba. Mama wa mtoto akaniambia sindano hiyo iliwahi kumvimbisha binti yake koo, karibu afe. Nikafungua kadi ya mzee. Mashine ikaniuliza: Futa Wanjiru Kamau? Ndio au la? Nilikaa hapo muda mrefu. Nje mama alikuwa akiita jina hilo hilo, na mtoto akiitika. Nikabonyeza ndio, nikaandika upya kadi ya mtoto na onyo lake, nikalia.

Siku hizi programu yangu haifuti mtu bila kuuliza. Na mimi, nikisikia nyuma yangu "iko na makosa," sigeuki haraka. Wewe unayewapa watu kitu watumie, akija mtu kukuambia kimeharibika, usimwambie wiki ijayo. Hujui ametoka wapi ndio akufikie.