Baroni wa Ukutani

Harufu ya kahawa mbichi iliyoanikwa juani, tamu na yenye uchachu kidogo, hunirudisha Ihembe, kiangazi kile ambacho baba yangu alipotewa na akili kwa ajili ya mzungu aliyekufa zamani. Mzungu mwenyewe alikuwa Baroni wa Austria, yumo ndani ya fremu, masharubu yamepinda juu, mbwa miguuni. Aliletwa nyumbani na Deogratias, bwana mifugo kutoka Muleba, aliyekuwa akimchumbia shangazi yangu Editha. Deo alidai Baroni ndiye aliyemzaa babu wa babu yake alipopita Karagwe kuwinda. Tulimsikiliza midomo wazi: ngome yenye vyumba visivyoingiwa na mtu, mke aliyehama kitanda kwa kuwachukia mbwa, ndugu aliyecheza karata hadi msitu wa familia ukaliwa, mabinti watatu waliokataa kila mposaji wakazeekea dirishani. Kwa masikio yangu ya kitoto, ilikuwa familia ya wavivu wasiopendana. Baba aliona utukufu. Alianza kula ndizi kwa uma na kisu, akizikimbiza kwenye sahani, na kumwambia kila mgeni, "Mtazame Deo pua. Si ya hapa hiyo." Pua ilikuwa ya hapa kabisa.

Kabla ya Deo alikuwapo mfugaji wa Nyakatuntu, kijana mpole aliyemfanya shangazi atabasamu peke yake akichuma kahawa. Baba alimfukuza, eti ananuka maziwa. Shangazi alilia, kijana akaoa kwingine. Sasa tumaini lote la shangazi lilikuwa Deo, na aliyethubutu kumhoji Deo alikuwa bibi peke yake.

"Waitu, mwanangu," bibi alimwambia kwa heshima ya kwetu, "mwiko wenu ni nini?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza la posa, maana kila ukoo una mnyama usiomla, na wenye mwiko mmoja ni ndugu, hawaoani. Deo alicheka.

"Bibi, Baroni alikula kila kitu."

Baba alicheka kumzidi, akamwambia mama yake aache ushamba. Mtu mzima na heshima zake, akijipendekeza kwa picha.

Siku ya mahari, mama yake Deo alikuja mwenyewe. Bibi alimkaribisha, akampa maji, akarudia swali lake.

"Sisi hatuli pongo," yule mama akajibu, bila wasiwasi.

Sisi pia hatuli pongo. Shangazi, aliyekuwa ameshika sinia, alikaa sakafuni taratibu.

"Lakini damu ya Baroni..." baba akaanza.

"Baroni gani?" mama yake Deo akamkatiza. "Ile fremu niliinunua mnadani. Ilikuja na mtu wake ndani."

Deo aliangalia viatu vyake. Ng'ombe wa mahari waligeuzwa njiani, naye akaondoka bila hata kuichukua picha yake.

Siku hizi kijana akija kuposa tunamuuliza ana gari gani, na tuliosoma hatumzidi baba kitu. Yeye amezeeka, na Baroni bado yuko ukutani, amefutwa vumbi. Krismasi iliyopita mtoto wa kaka yangu aliuliza kama yule ni babu yetu.

"Nusura awe," baba alisema, kwa fahari.

Shangazi Editha, ambaye hakuolewa kamwe na ndiye anayempikia, alikuwa akimwekea ndizi mezani, uma na kisu pembeni. Niliutazama ukuta wote, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Hapakuwa na picha ya shangazi hata moja.