Kisulisuli cha Osmunda

Nilipokuwa darasa la nne, pale Mfaranyaki, mdogo wangu Osmunda alikuwa darasa la kwanza na tayari walimu walikuwa wamemchoka. Hakuwa na ubaya. Akitumwa maji, ndoo anaiacha njiani, anamfuata kuku wa jirani. Darasani alisimama katikati ya somo akaenda dirishani. Akachapwa. Kesho yake akasimama tena.

Siku moja ya kiangazi niliachiwa nimwangalie. Nikanogewa na mchezo wa rede, kukwepa mpira na wenzangu, nikamsahau. Jioni dereva wa lori alimleta kamshika mkono, anafoka kwamba nusura amuue barabarani. Baba akachukua fimbo, akanijia mimi. Kwa woga nikasema kisulisuli kilitoka shambani kikampitia Osmunda, naye akakimbia kama aliyeitwa.

Kwetu watu waliamini kisulisuli kina pepo ndani yake, na mtoto kikimpitia, pepo hubaki naye. Shangazi Kaspara, dada yake baba, tuliishi naye. Hakuniuliza swali hata moja. Baba akaweka fimbo chini. Kesho yake Shangazi alimfunika Osmunda blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka. Mdogo wangu alilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nilikaa nje nimeziba masikio.

Mama alikuwa akiuza mitumba sokoni, na si mtu wa kukubali mambo haraka. Nesi mmoja, mteja wake, alimwambia wapo watoto ambao kutulia kunawashinda, na yuko daktari anayeweza kuwapima. Ila zahanati isingeandika rufaa bila barua ya shule inayoeleza tabia za mtoto. Mama akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alikwisha kusikia habari zetu kwa Shangazi, akamjibu mbele ya walimu wenzake kuwa yeye haandiki barua ya kumpeleka pepo hospitali.

Mama alirudi uso umebadilika. Akaniita sebuleni, baba na Shangazi wakiwepo.

"Wewe ndiye uliyekuwepo. Ulikiona hicho kisulisuli?"

Nilimtazama Shangazi, kisha nikaitazama mikono ya baba.

"Nilikiona, mama."

Baba akasema habari ya barua iishie hapo. Tangu siku hiyo mama na Shangazi walipikia jiko moja bila kusemezana, na Osmunda akaendelea kuchapwa shuleni na kufukizwa nyumbani. Alipofika darasa la tatu aliacha shule.

Mwaka jana mwalimu wa mwanangu aliniita. Mtoto hatulii, akasema, na barua ya rufaa alikwisha kuiandika. Nililia mbele yake, akadhani naogopa ugonjwa. Jioni nilimpigia simu Osmunda, ambaye siku hizi anafanya biashara ya korosho Tunduru, nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama alikufa akijua?"

"Hapana."

Akakata. Hajapokea simu yangu mpaka leo.

Watu niliowasimulia hunifariji kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli, sebuleni pale nilikuwa mtoto. Lakini mama aliishi miaka mingi baadaye. Tulipalilia naye shamba la Mpitimbi, mimi na yeye tu, mstari kwa mstari, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na sikumwambia.